Misumari Midomoni

Fundi viatu wa pale chini ya ngazi za soko hubana misumari midogo midomoni kutwa nzima, hata akiwa anapaka rangi tu, kazi isiyotaka msumari. Wateja humwonyesha soli iliyoachia, naye huitikia kwa kichwa, nao huondoka wakisema, "Huyu bwana kazi imemkolea." Afadhali waseme hivyo. Tangu ugonjwa umle taya, kinywa chake hakifunguki zaidi ya upana wa kidole, na neno likitoka, hutoka na mate. Kila akiinamia kiatu hujipangusa kidevu kwa kitambaa, haraka, kama mtu afutaye jasho. Nyumbani mkewe humpondea chakula kikawa uji, naye hukila akiwa ameupa mlango mgongo.

Basi juzi akazuka mtani wake wa zamani, dereva wa lori, aliyepotea siku nyingi. "We mzee domokaya! Zamani ulikuwa ukinitukana toka mbali, leo unaniringia? Tema hiyo misumari unijibu!" Fundi akacheka kwa macho. Akaitoa mmoja mmoja, akaiweka gotini, akajaribu kumwita mwenzake kwa lile jina lao la utani. Ukatoka mlio tu. Dereva akaangua kicheko, akidhani ni mzaha; kisha akaona taya lilivyopinda, kicheko kikamkauka. Alivuta kigoda, akavua kiatu chake kizima kabisa, akamkabidhi fundi, akaketi kukingoja.