Yowe Lililotoka Bandani kwa Mjomba

Sina heshima hata kidogo na muvi za kusisimua, na nimeziangalia nyingi kuliko nilivyowahi kufungua daftari la Fizikia. Mjomba wangu ana banda la video hapa Machochwe, na yeye mwenyewe ndiye anayetafsiri kwa kipaza sauti. Banda ndilo linalotulisha sisi wote nyumbani kwake.

Kuna zile za kisaikolojia: jamaa anajitazama kwenye kioo saa nzima, mvua inanyesha, mwisho unaambiwa yote yalikuwa kichwani mwake. Yaani nimekalia benchi lenye msumari kumwangalia mgonjwa! Za upelelezi wameziingizia mapenzi. Wauaji wako mlangoni, steringi anabusu. Na mpelelezi mwenyewe anahangaika wiki nzima na kitambaa chenye damu, wakati babu yangu akiibiwa ng'ombe anainama, anasoma alama za kwato, jioni ameshajua boma walikofichwa.

Lakini takataka kuliko zote ni ya kusisimua iliyochanganywa na ya kutisha. Jumapili moja mchana tulikuwa nayo. Mwanamke yuko peke yake kwenye jumba, anasikia kitu stoo, anakwenda pekupeku akiuliza, "Nani yuko huko?" Kana kwamba muuaji atajibu, "Ni mimi, shikamoo." Akamwona. Akapiga yowe.

Mjomba alikuwa ametundika spika mpya nje, ivute wateja. Ikavuta. Kwetu yowe halina mjadala. Ukilisikia unakimbilia lilikotoka. Waliodhani ng'ombe wameibwa walifika na mapanga, waliodhani tembo wameingia shambani wakaja na madebe ya kugonga. Mbele yao mwenyekiti wa kitongoji, anahema.

"Ng'ombe za nani?"

"Shikamoo mzee," mjomba akasema. "Hakuna ng'ombe. Ni muvi."

Mzee akaingia, akatazama. Mwanamke akapiga lingine.

"Huyu naye, majirani zake wako wapi?"

 Katika miaka yangu yote bandani, hilo ndilo swali la kwanza la maana kuulizwa mle ndani.

Kisha akamgeukia mjomba. "Watu wakizoea yowe la uongo, siku ya tembo nani atatoka? Banda nalifunga leo."

 Nikaona ugali wetu unaondoka.

"Mzee," nikasema, "mjomba azime sauti. Yowe alitangaze yeye mwenyewe, taratibu."

"Mura, nyamaza!" mjomba akanifokea.

"Mwache," mzee akasema. "Jaribu, nione."

Mjomba akazima sauti. Adui akainua kisu, mwanamke akaachama. Mjomba akatoa sauti ya msoma matangazo kanisani: "Hapa dada anapiga yowe. Anaomba msaada. Wenye nafasi wafike."

Banda likapasuka kwa kicheko. Mwenye debe akaligonga mpaka likabonyea. Wazungu wametumia mahela kutengeneza hofu, mjomba akaigeuza vichekesho kwa sentensi tatu.

Mzee peke yake hakucheka. Alikaa kwenye benchi, lile la msumari, panga mapajani, akaangalia mpaka mwisho. Kisha akasimama, akajikung'uta.

"Kesho fungua," akamwambia mjomba. "Spika ingiza ndani. Na huyo mama mwambie ahame ile nyumba."