Daftari la Mama

Juzi niliwakuta mashabiki wa kundi moja kongwe la taarabu wakibishana mtandaoni: kibao kipi kilitangulia kutolewa, na nani aliyetunga ule wimbo wao wa zamani. Harufu ya karafuu mbichi ikanijia.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, wanawake walikuwa barazani kwetu wakichambua karafuu, redio ikiupiga wimbo huo. "Maneno haya nimetunga mimi," mama alisema kwa sauti ndogo.

Nilishayaona kwenye daftari lake, na sikuvumilia kosa hata utotoni. "Mama muongo! Kayanakili redioni!"

"Bi Asha, mwanao kakuumbua!" Wakacheka, naye akacheka kidogo.

Daftari ninalo sasa. Kila mstari umefutwa na kuandikwa upya, mara tatu, mara nne, kama nifanyavyo mimi nikitunga. Anayenakili hafuti hivyo. Baada ya wimbo ule, kurasa zote ni tupu.