Mstari wa Mjomba

Mjukuu wangu anaandika programu za kompyuta. Nalitanguliza hilo kwa sababu mie shule niliishia la nne, na mgeni akija kwangu hapa Manzese hamalizi chai kabla sijamwambia.

Alikuwa kamaliza chuo, kazi hana. Mwalimu mwenye chekechea mtaani kwetu akamwambia atengeneze programu ya kufundishia watoto herufi. Ikifanya kazi mbele ya wazazi, anamwajiri. Basi akapiga kambi sebuleni kwangu na laptop yake, macho mekundu kama kakata vitunguu vya shughuli, hadi ikakubali.

Ijumaa akaipeleka. Kompyuta za pale ni kuukuu, za msaada. Akabonyeza, programu ikafa palepale. Akarudi nyumbani, hata viatu hakuvua.

"Wazazi wanakuja kesho, Bibi. Nimeumbuka."

"Lia. Ukimaliza niambie imekufa kwa nini."

Akanieleza. Programu inaandikwa kwa maneno ya watu, halafu kuna kompaila, hiyo inayageuza kuwa maagizo ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Prosesa mpya zinajua maagizo ambayo za zamani hazijawahi kuyasikia. Kwa hiyo lazima uiambie kompaila unaipikia prosesa gani.

"Wewe ulisema ipi?"

"Ya zamani!"

Akafungua laptop kunionyesha. Mistari ya kuiambia kompaila ilikuwa miwili. Wake unasema: tengeneza kwa prosesa ya zamani. Chini yake mwingine: tengeneza kwa prosesa ya mashine hii hii, yaani laptop yake, ambayo ni mpya. Huo aliuandika mjomba wake wa Mbweni, mwanangu, siku alipokuwa anamfundisha.

"Mmoja hivi, mwingine vile, na kompaila haikuuliza?"

"Zipo zinazolalamika. Hii yangu ikipewa amri mbili zinazogongana inashika ya mwisho, kimya kimya."

"Ulipoandika wako, wa mjomba uliuona?"

"Niliuona."

"Sasa si ungeufuta?"

Akainama. "Ni wa mjomba, Bibi."

Wallahi nilitaka kumzaba kofi na kumkumbatia kwa mpigo mmoja. Mie nimepikaga pilau za harusi. Mama wa bwana harusi akisema chumvi izidi, shangazi wa bibi harusi akisema ipungue, nawaita wote mbele ya sufuria wamalizane. Kompaila haiiti mtu.

Nikampigia mwanangu, nikaweka sauti kubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mstari wako unamuua mtoto huku."

Mjukuu akachukua simu. "Shikamoo mjomba. Samahani, nilikuwa naomba ruhusa, ule mstari wako..."

"Futa! Niliuweka wa mazoezi tu. Kwani ni kaburi langu hilo?"

Akaufuta, akatengeneza upya.

Kesho yake nilikaa benchi la mbele na khanga mpya. Akabonyeza. Lile likompyuta likakoroma, likafikiri, halafu herufi zikajaa kwenye kioo. Watoto wakaanza kugombania kiti. Mwalimu akamwambia Jumatatu aje asubuhi, meza yake ipo.

Tukiwa njiani mjomba akapiga. Kafurahi, ila anataka herufi ziwe nyekundu.

"Asante mjomba," mjukuu wangu akasema, "lakini hapana. Zinabaki bluu."

Mie nikajifanya natazama basi la mwendokasi likipita, asione ninavyocheka.