Siku Dada Aliponyolewa

Juzi, stendi ya Wasso, niliona wasichana wa kidato cha kwanza wakishuka kwenye basi, vichwa vimenyolewa upara, nikakumbuka mchana mmoja kwetu Piyaya. Mama alikuwa akimnyoa dada yangu kwa wembe, na nyumba nzima ilinuka mafuta ya kondoo. Dada alikuwa amefaulu darasa la saba, nami nilijua sekondari hawapokei msichana mwenye nywele. Alilia kimya kimya. Nikadhani analilia nywele.

"Yeyo, na mimi ninyoe," nilimwomba mama.

"Wewe bado," alijibu bila kuniangalia.

Sikujua kwamba kwetu bibi harusi naye hunyolewa. Jua lilipopoa, dada alitoka na shanga mpya shingoni, akimfuata mzee mgeni. Nikawakimbilia nikipiga kelele kwamba wamepotea, shule iko upande wa pili.