Kidole Udongoni

Muuza miche alimjua yule mzee kwa kidole chake cha shahada, ambacho kilikuwa na udongo ukuchani hata akija na shati la pasi. Wateja wengine hukimbilia maua yaliyokwisha kuchanua. Yeye alitaka okidi za bustanini, zile ngumu zisizoogopa baridi, na alizichagua kwa kuzamisha kidole udongoni na kubonyeza taratibu kiazi cha mmea, lile shina nene la chini, kama anayempima mgonjwa mapigo.

"Hii haifi?" aliuliza kila mara.

"Haifi, mzee wangu. Majani yakinyauka, inapumzika tu. Usiichokonoe."

Aliitikia, akaondoka ameikumbatia. Na kila mara alirudi na kopo lenye kiazi kilichooza kwa kuchokonolewa kila siku. Leo muuza miche yalimfika shingoni.

"Kweli sikio la kufa halisikii dawa! Si nilikwambia uiache?"

Mzee alikitazama kidole chake. "Mama watoto alipougua nilimwacha usiku mmoja tu, mwanangu, apumzike bila mimi kumgusagusa. Asubuhi nikamkuta amekuwa wa baridi."

Muuza miche alimsogezea kopo jingine la okidi, na kabla hajaliachia, kidole kilishazama udongoni.