Nilikwenda Lindi Kutafuta Pakavu

Maji yaliingia nyumbani kwetu Dar es Salaam mara ya pili katika masika moja. Mara ya kwanza tulizoa matope, tukataniana. Mara ya pili nilimkuta mwanangu mdogo amekaa juu ya kabati, godoro linaelea chini yake.

"Nenda kwenu Lindi," mume wangu Seif aliniambia. "Muulize kaka yako kama anaweza kutupokea. Akituonyesha hata kiwanja, tunahama."

Nikamwacha yeye na watoto kwa wifi yangu, dada yake.

Asubuhi nilipanda basi Mbagala. Kuanzia Mkuranga hadi tulipovuka Rufiji, mashamba yalikuwa madimbwi, mihogo imesimama majini. Abiria mwenzangu alisema wataalamu wa hali ya hewa wameeleza kwamba bahari ikizidi kupata joto, mawingu hubeba maji mengi zaidi, na yakimwaga, humwaga kwa pamoja. Nilimsikiliza nusu nusu. Akilini nilikuwa naezeka nyumba Lindi.

Baada ya Nangurukuru nilijihesabu nimefika. Kumbe mbele, karibu na Kitomanga, kalavati lilikuwa limesombwa na lami imekatika. Kondakta akafungua mlango. "Wa Lindi, hapa ndo mwisho. Vukeni kwa miguu, ng'ambo mtapata gari."

Tulivuka tumeshikana mikono, maji magotini. Ng'ambo hakukuwa na gari. Mama mmoja wa pale, Bi Somoe, alitukaribisha barazani kwake na kutupa uji wa moto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Poleni na njia."

Nikamuuliza kama mvua ya namna hii wameizoea.

"Mvua tunazijua, lakini hizi za sasa hatujazijua," alisema. "Mwaka jana ilikuja mikorosho ina maua, ikayapukutisha yote. Na huko mjini unakokwenda, upepo mkali umepita juzi. Hujaambiwa?"

Sikuwa nimeambiwa. Nilimpigia kaka Abdallah, simu haikupatikana.

Alasiri tulipata pikapu iliyobeba mkaa, ikatufikisha Lindi. Kaka anakaa mtaa wa chini, karibu na bahari, anauza samaki. Nilimkuta uani anagongomea misumari kwenye mabati yaliyokunjika. Nusu ya paa haikuwepo. Vyombo vyote vilikuwa vimerundikwa kwenye chumba kimoja.

"Mbona hukusema?" nilimuuliza.

"Simu ililowa. Na ningesema nini? Nilitaka nikutafute nikuulize kama tunaweza kuja kwako Dar, mimi na Mwajuma."

Nikamweleza kilichonileta. Alicheka sana, kisha akaketi juu ya tofali na kuanza kunyoosha msumari uliopinda. Mimi nililia. Mwajuma, mkewe, akanishika bega: "Basi, wifi. Karibu ndani, palipobaki."

Siku ya pili alasiri mvua ilirudi. Bahari ilikuwa imejaa, kwa hiyo maji ya mtaroni yakakosa pa kutokea na kugeukia majumbani. Nilikimbilia kunyanyua magunia ya mchele. Nilipogeuka, kaka na Mwajuma hawakuwepo. Niliwakuta nyumba ya tatu, kwa Mzee Hamisi, aliyepooza miguu. Majirani wengine walikuwa wameshafika. Walimtoa akiwa juu ya kitanda chake cha kamba, Mwajuma nyuma yao na mfuko wa dawa, wakampandisha hadi madrasa iliyo juu kidogo. Maji yalikuwa yamefika kiunoni. Tulipomfunika, mzee alikuwa anatetemeka, lakini mzima.

"Nani amewaita?" nilimuuliza kaka.

"Hatuitwi. Upepo wa juzi tulichelewa kumtoa, ukuta ukaanguka pembeni ya kichwa chake. Tangu hapo kila mtu anajua kazi yake."

Niliondoka baada ya paa kurudishwa. Kaka alisema anatafuta kiwanja upande wa mlimani, lakini kila mtu anatafuta huko, na samaki wako chini. Sikumshinikiza. Njiani kalavati lilikuwa limejazwa mawe, tukapita polepole.

Seif alinipokea kituoni. "Kuko salama?"

"Hapana," nilimwambia. "Tutafute chumba kwenye mwinuko, hapa hapa. Tusipopata kabla ya mvua nyingine, tujue tutafanyaje."

Jioni ile, mtaani kwetu, nilibisha hodi nyumba ya jirani, kwa mama ambaye miaka yote tulisalimiana kwa kutikisa kichwa tu.

"Samahani, dada. Maji yakija tena, kwenu kuna mtu wa kubebwa?"

Alinitazama kama aliyesikia vibaya. Kisha akavuta pazia pembeni. Mama mkwe wake alikuwa amelala kitandani, macho wazi, mguu umefungwa plasta hadi pajani.

"Mara ile yalipoingia," alisema, "nilimwinua peke yangu."