Daftari la Chini Kabisa

Siku nilipoanguka nyuma ya plau, ndugu zangu walianza kutafuta mchawi. Wengine walimtaja shemeji yangu kwa sababu tuligombania mpaka wa shamba. Wengine walimtaja bibi mmoja wa mtaani kwetu Izia, ambaye kosa lake ni kuishi peke yake. Mimi nilikuwa nimelala, mdomo umeenda upande, kusema siwezi. Ningeweza, ningewaambia waache kusingizia watu. Walionifanya hivi nawajua. Wako watatu, na hakuna hata mmoja anayeruka na ungo.

Wa kwanza ni dada wa mapokezi pale zahanati. Wa pili ni daktari. Wa tatu ni jirani yangu, na huyo nitamfikia baadaye, maana bado tunasalimiana.

Kwanza niseme utaratibu ulivyo. Kliniki ya presha ni Jumanne tu. Kila mgonjwa ana daftari lake, haya haya ya watoto wa shule, na humo daktari anaandika presha yako na dawa zako. Ukifika unalipitisha dirisha la mapokezi, unakwenda kukaa, unasubiri kuitwa. Daktari akishakupima anakuandikia cheti, unakipeleka dirisha la dawa, unapewa vidonge vya mwezi. Bila cheti hupati kitu. Hata duka la dawa la mtaani hawakuuzii, walishafungiwa na wakaguzi mara moja wakakoma. Na ikifika saa saba daktari anaondoka. Aliyebaki ni Jumanne ijayo.

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini kuwahi sikufundishwa na mtu. Mkulima anayechelewa anakula magugu. Kwa hiyo Jumanne nilikuwa natoka nyumbani kabla hakujapambazuka, na baridi yetu ya mwezi wa sita mnaijua, inauma masikio mpaka unayashika kuona kama bado yapo. Nafika wa kwanza. Dirisha likifunguliwa, daftari langu ndilo linatangulia kuingia. Halafu nakaa. Wanaitwa waliokuja jua limeshapanda, wanapimwa, wanachukua dawa, wanaondoka wakiongea mambo yao. Saa nne nipo. Saa sita nipo. Siku nyingine nafikiwa wa mwisho, siku nyingine sifikiwi kabisa. Nikadhani sijawahi vya kutosha, nikazidisha kuwahi.

Mwaka ule wa plau, mwezi wa kumi na moja, nilirudishwa Jumanne mbili mfululizo. Vidonge vilikuwa vimekwisha na mvua zimeshaanza. Shamba halisubiri Jumanne. Ijumaa nikafunga ng'ombe, nikaingia kulima. Mstari wa tatu mkono wa kushoto ukaachia wenyewe, halafu na mguu, nikaenda chini. Ng'ombe waliendelea bila mimi mpaka mwisho wa shamba, wakasimama, wakageuza vichwa kunitazama.

Nilipona, kama huku ni kupona. Natembea na fimbo. Mkono wa kushoto unabeba kikombe, ila kisiwe kimejaa.

Sasa mwaka huu, Jumanne moja ya mwezi wa sita, nilikwenda nikiwa nimebakiza vidonge viwili. Kukaa nje kwenye baridi siwezi tena, wakanipisha kwenye benchi la ndani, lile linalotazamana na dirisha la mapokezi. Hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu mikono ya yule dada. Alipokea daftari langu, akaliweka mezani. La pili akaliweka juu ya langu. La tatu juu ya la pili. Rundo likapanda. Na mimi nilijua kinachofuata, maana nimeshakiona mara nyingi bila kukielewa: ikifika saa tatu, mhudumu analibeba rundo lote lilivyo, analiweka mezani kwa daktari, na daktari anaanza na la juu.

Nilianza kuhesabu Jumanne nilizowahi. Nikaacha.

Wakati huo akaingia jirani yangu. Jua limeshatoka, amevaa koti lake zito, ananukia chai ya tangawizi. Akaweka daftari lake juu ya mengine, akaja kukaa karibu na mimi. Huyu ndiye aliyeniletea kuku nilipokuwa kitandani.

"Umeamkaje, jirani?"

"Ulikuwa unajua?"

"Kujua nini?"

Nikamwonyesha rundo kwa fimbo.

"Aa, hilo. Toka zamani. Nilidhani kila mtu anajua."

"Na hukuniambia."

"Nilikuona unapenda kuwahi. Nikasema labda kwa jirani yangu hakukaliki." Akacheka peke yake.

Nikasimama, nikaenda dirishani kabla mhudumu hajafika.

"Shikamoo baba," dada akasema.

"Marahaba. Hayo madaftari yageuze."

"Niyageuze vipi?"

"La chini ndilo lililotangulia, na daktari anaanza na la juu. Mimi kila siku nakuwa wa chini. Huu mguu unaouona ni wa kuwa chini."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nilikuwa na maneno ya miaka. Yeye akalishika rundo kwa mikono miwili akaligeuza, kama mama anavyogeuza chapati.

"Sasa baba, si ungesema tu?"

Nikarudi kukaa na maneno yangu. Hakuwa na chuki na mimi. Daktari naye anachukua kilicho karibu na mkono wake. Heri wangekusudia, ningejua pa kuanzia kushitaki.

Niliitwa wa kwanza, nikapimwa, nikapewa cheti. Lakini dirisha la dawa lilikuwa limefungwa, mtoa dawa amekwenda kupokea mzigo. Likafunguliwa karibu saa saba. Kwa hiyo nilikuwepo wakati wa mama wa Ilemba.

Huyo ni mama mtu mzima sana, anapanda na basi kutoka bondeni kwa sababu kwao dawa yake haipatikani. Basi halifiki hapa kabla ya saa tatu kasoro. Daftari lake amelifunika kwa karatasi ya kalenda ya kanisa, yenye Bikira Maria, kwa hiyo sote tunalijua. Miezi yote lilikuwa linakaa juu kabisa. Anaitwa mapema, anawahi basi la kurudi. Siku ile lilikuwa limeshawekwa juu ya la jirani yangu nilipoagiza rundo ligeuzwe, Bikira Maria akaenda chini.

Jirani yangu aliwahi kuingia, akawa wa mwisho. Mhudumu akatoka akamwambia mama, "Jumanne, bibi." Wala hakumtazama.

Nikamsogelea. "Shikamoo mama. Vidonge umebakiza?"

"Marahaba mwanangu. Cha mwisho nimekimeza jana."

Nikatoa vyangu. "Vya kwako ni vya rangi gani?"

"Vyeupe."

Vyangu ni vya njano. Nikavirudisha mfukoni.

"Jumanne si mbali," akasema, akifunga kipakiti kitupu kwenye pindo la kanga.

Jumanne ni mbali. Mimi nilianguka Ijumaa.

Daktari alikuwa ameshawasha pikipiki. Nikaenda nikasimama mbele ya tairi.

"Mzee, nipishe, nina kikao."

"Mimi nina miaka hamsini na moja. Mzee ni yule pale, na amebaki peke yake. Mwandikie."

"Atakuja Jumanne."

"Na mimi uliniambia Jumanne. Mara mbili."

Akanitazama mkono, akanitazama mguu. Sijui kama alinikumbuka. Akazima pikipiki, mama akaleta daftari, akamwandikia cheti juu ya kiti cha pikipiki bila hata kumpima. Kupenga kamasi kunachukua muda zaidi. Mtoa dawa alikuwa anafunga dirisha, akanung'unika, akatoa vidonge vyeupe. Nilisimama pale hasira zikanipanda upya kuliko asubuhi. Kumbe vitu vyenyewe ni vyepesi hivi.

Nilimsindikiza mama barabarani. Basi lake lilikuwa limeshaondoka, akasema atalala kwa mpwa wake. Tukiwa tunatembea, wote polepole, akaniuliza mbona leo wameanzia chini. Ningeweza kusema sijui.

"Ni mimi, mama. Nilimwambia dada ageuze, maana huwa nafika wa kwanza."

 Mabega yakaanza kumtikisika, kumbe anacheka.

"Ina maana kusema tu kunatosha?"

"Kunatosha."

"Basi mwezi ujao na mimi nitasema."

Nilipofika nyumbani nilivimwaga vidonge vyangu mezani nikavihesabu. Vinaisha Jumatatu ya mwezi ujao, na kesho yake mama atasema.